Vifaa vya Mtoto Mchanga: Tunamnunulia Nani?

  

Ndugu Waislamu, mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja katika wanafunzi wangu wa zamani alinisubiri kwenye baraza ya msikiti wetu huku Mbagala. Mkewe alikuwa amebakisha wiki chache kujifungua mtoto wao wa kwanza. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, yenye orodha ya vitu ishirini na vitatu, akaniuliza iwapo yajuzu kukopa katika kikundi chao cha kuweka na kukopa, ambacho humtaka mkopaji arejeshe kwa ziada, ili avinunue vyote Kariakoo kabla ya mtoto kuzaliwa. Niliisoma orodha ile chini ya taa ya baraza. Palikuwa na kigari cha kusukuma, kiti cha kubembea chenye muziki, kitanda chenye mito ya kuzungushia pembeni, kifaa cha kupashia chupa moto, woka, na jozi tatu za viatu vya mtoto ambaye hata kukaa itamchukua miezi. Hapakuwa na chandarua. Hapakuwa na mnyama wa akika.

Kuhusu ile ziada jibu lilikuwa jepesi: ni riba, hata ikipewa jina la faida ya kikundi, na sina haja ya kulirefusha hapa. Lililonikosesha usingizi ni jambo jingine. Nilimuuliza orodha hii imetoka wapi. Akanijibu kwa haya kwamba mkewe ameinakili kutoka kwenye picha za simu, za rafiki yake aliyefanyiwa ile sherehe ya kabla ya uzazi iitwayo 'bebi shawa'. Kwa maneno mengine, orodha ile iliandikwa na watazamaji. Mtoto mwenyewe, ambaye vitu vile vyote vinanunuliwa kwa jina lake, hakushauriwa kwa lolote, wala haja yake haikutazamwa.

Asije mtu akadhani kuwa nakusudia kuwaharamishia akina mama mapambo ya watoto wao. Dini yetu haikuja na ukame wa namna hiyo. Mtume (s.a.w.) alipokemea kibri, aliulizwa juu ya mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, naye akabainisha kwamba uzuri ni katika yale anayoyapenda Allah, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu, kama ilivyo katika Sahihi Muslim. Na katika kitabu hicho hicho imethibiti kwamba dinari anayoitoa mtu kwa ajili ya familia yake ni miongoni mwa dinari bora kabisa. Basi baba anayeingia dukani kumnunulia mwanawe yumo katika ibada, maadamu anamnunulia mwanawe. Akianza kuwanunulia macho ya majirani, hapo ndipo lile katazo la ufujaji lililomo katika Surat al-Israa linapomhusu, ingawa kitu chenyewe ni halali na risiti anayo mkononi.

Tukianza na kigari, kwa kuwa ndicho kilichokuwa juu ya orodha. Kigari chepesi cha kukunjika asili yake ni Owen Maclaren, mhandisi Muingereza aliyewahi kushughulika na magurudumu ya ndege ya kivita ya Spitfire, na ambaye mwaka 1965 alibuni kigari cha alumini kinachokunjika kama mwavuli. Ni kifaa chema kwa mji wenye njia za waenda kwa miguu zilizosakafiwa. Sasa ndugu yangu, kisukume kigari hicho kutoka msikitini kwetu hadi kituo cha daladala wakati wa masika. Magurudumu yake madogo ya plastiki yatazama mchangani, utakibeba mkono mmoja na mtoto mkono wa pili, utaruka mtaro, kisha kondakta atakutaka ukilipie nafasi. Nimeviona vigari vingi katika nyumba za jamaa zetu, navyo hutumika kuwekea nguo zilizofuliwa.

Yuko anayekihitaji kwa haki: mama aliyejifungua kwa upasuaji na haruhusiwi kubeba uzito, mama wa mapacha, na anayekaa penye lami. Huyo anunue, tena achague kilicho kizuri machoni pake, lakini akikague kwanza: magurudumu yawe makubwa, breki ishike kikiwa mteremkoni, na mkanda umfunge mtoto mabegani, kiunoni na katikati ya mapaja. Wala asiutundike mkoba mzito kwenye mpini, kwani mtoto akinyanyuliwa tu kigari huanguka chali. Na ile desturi ya kukifunika kigari gubigubi kwa khanga juani ni hatari, maana joto ndani yake hupanda haraka na hewa haipiti.

Kwa wengi wetu, hata hivyo, kifaa cha kumchukulia mtoto tunacho tangu zama za bibi zetu, nacho ni mbeleko. Inasikitisha kuona binti wa leo akiona haya kufunga mbeleko njiani kwa kuiona ni ya kishamba, ilhali Wazungu wamekuja kuisomea kwetu Waafrika. Muuguzi wa Kimarekani, Ann Moore, alikwenda Togo katika miaka ya 1960 kwa kazi za kujitolea, akaona jinsi mama wa huko walivyowafunga watoto migongoni na jinsi watoto wale walivyotulia. Aliporudi kwao na kupata mtoto, akabuni kibebeo alichokiita Snugli, akapewa hataza mwaka 1969, na kikauzwa Marekani kote. Leo tunarejeshewa vibebeo vya namna hiyo madukani kwa bei ambayo ingenunua doti kadhaa za khanga! Na madaktari wa mifupa wanasema kuwa mkao wa mbeleko, mapaja yametanuka na magoti yamekunjwa, unasaidia kiungo cha nyonga kukaa mahali pake. Mwalimu wetu (s.a.w.) mwenyewe alisalisha watu akiwa amembeba mjukuu wake, Umama bint Zainab, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anaposimama. Sijui heshima gani nyingine mtu anaitafutia mbeleko baada ya hiyo.

Kitanda cha mtoto ni jambo la uhai na mauti, na hapa naomba wazee wangu wanisikilize kwa makini. Mtoto mchanga hulazwa chali, juu ya godoro gumu lililojaa sawasawa na kitanda, bila mto, bila mdoli, bila blanketi zito karibu na uso. Marekani ilipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Ile mito ya kuzungushia pembeni, inayopendeza sana kwenye picha, imepigwa marufuku huko kwa sheria ya mwaka 2022, kwa sababu watoto wamekosa pumzi wakiwa wamebanwa nayo. Vitanda ambavyo ubavu wake mmoja hushuka na kupanda vilikatazwa kuuzwa mwaka 2011 kwa sababu kama hiyo. Lakini bidhaa ikishakatazwa ugenini haiyeyuki, na hakuna anayetuhakikishia kwamba haimo katika makontena ya mitumba yanayoshushwa bandarini kwetu. Basi ukinunua kitanda cha mtumba, hakikisha hakina ubavu unaoshuka, tikisa viungo vyake, na ujaribu kupitisha kopo la soda kati ya fito zake. Likipita, kiache hapo hapo. Na juu ya kitanda chochote, kiwe cha mninga au cha kamba, pawe na chandarua chenye dawa. Mjamzito hupewa kliniki, naye hukiacha ndani ya mfuko wake akihangaikia pazia lenye lesi!

Sasa nije kwenye woka, kile kigari cha duara anachosimamishwa mtoto ndani yake ajifunze kutembea. Hapa siwanyooshei wengine kidole. Niliinunua mwenyewe kwa binti yangu wa kwanza, alipofikisha miezi minane, ikiwa na taa na wimbo, na nilifurahi kuwaona wageni wakicheka anavyokimbia nayo ukumbini. Alasiri moja nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwake nikisahihisha madaftari ya wanafunzi. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na uani kwetu kunashukwa kwa vidato viwili. Nilisikia magurudumu yakipita, nikanyanyua macho, na alikuwa amekwishaanguka. Alishonwa nyuzi tano juu ya jicho. Mama yake hakunilaumu kwa neno hata moja, nami ningeona nafuu lau angenilaumu.

Baadaye ndipo nilipopata habari kwamba Canada ilikwishapiga marufuku kuuza, kuingiza na hata kutangaza woka tangu mwaka 2004, na kwamba madaktari wa watoto wa Marekani wametaka hivyo hivyo kwa nchi yao. Wanaeleza kuwa mtoto ndani yake huweza kwenda zaidi ya futi tatu kwa sekunde moja, na kwamba wengi katika walioumia walikuwa na mtu mzima chumbani akiwaangalia. Tena haimharakishi kutembea, bali yaweza kumchelewesha. Lililonitia fedheha zaidi ni hili: Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, katika kitabu chake Tuhfat al-Mawdud, anahadharisha kumlazimisha mtoto kutembea kabla ya wakati wake, kwa kuchelea miguu yake isije ikapinda. Kitabu hicho nimekisoma nikiwa mwanafunzi, kwa Kiarabu chake, mstari kwa mstari. Nilipita juu ya maneno hayo nikitafuta hukumu za akika za kujibia mtihani.

Vingine nitavipitia upesi. Chupa na vifaa vyake vya kupashia moto havina kazi kwa mama anayenyonyesha, na Qur'ani imekwishataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Palipo na dharura, kikombe kidogo kisafi husafishika kuliko chupa na chuchu yake. Nguo za mtumba hazina ubaya, na nyingine ni nzuri kuliko mpya za dukani, ila zifuliwe na zipigwe pasi. Pasi hiyo ipigwe na kwenye nepi za kitambaa pia, kwani kuna inzi anayetaga katika nguo mbichi zilizoanikwa, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto. Mwenye gari, kitu cha kwanza kununua kiwe kiti cha mtoto cha kufungwa kwenye gari, kabla ya kigari na kabla ya kitanda, wala asinunue kilichokwishatumika asichokijua historia yake, maana kiti kilichopata ajali huharibika ndani bila kuonekana nje. Na zile hirizi, kamba nyeusi na vifundo vya mvuje vinavyouzwa pamoja na poda na mafuta ya mtoto, hukumu yake mnaijua. Zaidi ya hayo, uzi shingoni mwa mtoto mchanga ni kitanzi, na shanga ikikatika huishia kooni.

Siku ya pili yule kijana alirudi, safari hii pamoja na mkewe, na mama watoto wangu akakaa naye ndani. Waliipitia orodha ile kitu kwa kitu, wakiulizana juu ya kila kimoja: mtoto atakitumia siku ngapi, na asipokuwa nacho atapungukiwa nini? Vilibaki vitu tisa. Beseni, nepi za kitambaa, nguo chache za ukubwa tofauti, kofia, sabuni isiyo na manukato, chandarua, taulo mbili, kipimajoto na mbeleko. Mkopo hakuuchukua. Kwa zile alizokwishaweka akiba alilipia vitu vile, akabakiza za nauli ya teksi ya usiku kwenda hospitali, jambo ambalo hakuna picha ya simu iliyolikumbuka, na zilizosalia zikawa mwanzo wa fedha ya mbuzi.

Binti alizaliwa salama, alhamdulillahi, na siku ya saba alichinjiwa mbuzi mmoja, akanyolewa, ikatolewa sadaka ya fedha kwa uzito wa nywele zake. Kwa mbeleko mkewe alijichagulia mwenyewe doti ya khanga nzuri kuliko zote dukani, ya rangi ya zambarau, na hakuna aliyemzuia. Mimi niliwapa kitanda cha wanangu, baada ya kung'oa mito yake. Woka sikumpa mtu. Niliyavunja magurudumu yake kwa nyundo kabla ya kuipeleka jaani, asije mwingine akaiokota.