UYOGA: TUSIKATAZWE TU, TUFUNDISHWE



Kila mvua za masika zinapoanza, uyoga huchipuka nyuma ya mabweni na kando ya uwanja. Wanafunzi huuchuma, kisha tangazo husomwa gwarideni kwamba ni marufuku kuugusa. Kwa maoni yangu, marufuku peke yake haitoshi. Aliyekatazwa bila kuelezwa atauchuma likizoni, tena akiwa hajui lolote.

Sisemi kwamba walimu wanaogopa bure. La hasha! Kuna uyoga unaoua. Ule uitwao kisayansi Amanita phalloides humwacha mlaji akijiona mzima kwa saa 6 hadi 12 au zaidi, ndipo aanze kutapika na kuharisha. Baadaye huonekana kupata nafuu, kumbe ini lake linaharibika. Wala kuupika sana hakuondoi sumu hiyo.

Linalonisikitisha ni vipimo vya uongo tunavyopashana. Ati uyoga ulioliwa na wadudu ni salama. Mbona konokono asiye na nyumba hula uyoga wenye sumu na asidhurike? Wengine nao husema weka kitunguu sufuriani, kikibadilika rangi umwage. Jameni, tangu lini kitunguu kikawa daktari?

Basi njia ni ipi? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chukua mfano wa uyoga wa mchwa, unaopendwa sana magharibi mwa Kenya, ambako Waluhya huuita uyoga obwoba na Wajaluo obuolo. Mchwa ndio wakulima wake. Hukusanya majani makavu na vijiti, wakatengeneza shamba chini ya ardhi, na uyoga ukaota humo. Ndiyo sababu aina zake nyingi zina mzizi mrefu ushukao hadi kwenye kiota, na kofia yenye ncha katikati. Kwa hivyo usiukwanyue, uchimbue. Ukiuchimbua utaona kama una mzizi huo, au una kikombe kilichozingira kitako cha shina, ambacho ni dalili ya Amanita nyingi. Ukiukata juu juu, dalili zote mbili zinabaki udongoni.

Halafu kuna mjanja mwingine aotaye kwenye nyasi: uyoga mkubwa mweupe, wenye magamba ya kahawia na pete shinani. Huyu ni Chlorophyllum molybdites. Kwa kawaida hauui, lakini saa chache baada ya kuula utashinda chooni usiku kucha. Kumfichua ni rahisi. Kata kofia iliyokomaa, ilaze juu ya karatasi nyeupe, uifunike kwa bilauri hadi asubuhi. Ukikuta unga wa kijani, ndiye. Unga wa uyoga wa mchwa huwa na rangi ya waridi. Lakini tahadhari! Amanita huacha unga mweupe, kwa hivyo kukosa kijani si kibali cha kula. Dalili zote sharti zipatane, na mtu mzima aliyezoea kuuchuma uyoga huo akubali.

Napendekeza hivi. Chama chetu kishirikiane na idara ya Biolojia. Mvua zikinyesha, tuchimbue uyoga wa hapa shuleni, tuupime maabarani bila kuonja hata kidogo, na tuandike majina yake katika lugha zetu za nyumbani. Tuwaalike pia wazee watueleze. Nyanya zetu wana jina la kila aina, lakini sisi tumebaki na neno moja tu, "uyoga", kwa chakula na kwa sumu. Wao wakituacha kabla hatujawauliza, hapo ndipo hatari itakapozidi.

Kuuliza si ujinga. Na mpaka siku tutakapojua, usioujua usiule.