Guta la umeme na tela: mkulima apige hesabu ya mchanga kwanza

Tangu treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, hakuna tena wa kubisha kwamba umeme unavuta mzigo. Lakini hoja hiyo haitoshi kumfanya mkulima wa zabibu wa Hombolo akakope SACCOS, anunue guta la betri na kulifungia tela. Treni huchota umeme kwenye waya safari nzima. Guta linabeba umeme wake lenyewe, na ukiisha njiani hakuna wa kuuza kwenye chupa.

Mwaka 2022 magari ya umeme ya Ford na Rivian yalijaribiwa Marekani yakivuta matela makubwa kwenye barabara kuu. Umbali wa chaji moja ulishuka hadi karibu nusu, wakati mwingine chini ya hapo. Kule adui mkubwa ni upepo, kwa sababu ya mwendo kasi. Guta halina mbio hizo. Adui wake ni mchanga wa njia za mashambani, na vilima. Kupandisha tani moja kimo cha mita 100 hula zaidi ya robo uniti, kabla ya kuhesabu magurudumu yanayozama. Uniti ni zilezile za LUKU, ila hapa zimo kwenye betri ndogo.

Kwa hiyo muuzaji akisema chaji moja inafika kilomita 80, aulizwe: na kilo ngapi, barabara gani? Na je, kiwanda kimeruhusu tela, au likifungwa tu waranti inakufa? Jibu liandikwe.

Hata hivyo, kulikataa moja kwa moja ni kukosea. Mota ya umeme ina nguvu tangu inapong'oa, na mvuta mzigo anahitaji hilo kuliko mbio. Safari fupi za shambani hadi kituo cha kukusanyia zabibu, usiku chombo kikilala kwenye chaji, zinalifaa kabisa. Kupeleka mahindi soko la Kibaigwa kutoka mbali ibaki kazi ya lori.

Afadhali AMCOS inunue moja la majaribio kabla ya mavuno, lipimwe na kreti zilizojaa kwenye njia ileile, kuliko kila mwanachama kubahatisha na mkopo wake. Zabibu hazisubiri, likizimika njiani, jua la Dodoma litamaliza faida kabla fundi hajafika. Tela nalo liwe na breki zake. Zikiachwa ili bei ya kuchomelea ishuke, kwenye mteremko mzigo ndio utakaolisukuma guta.