Hoja Si Orodha

Kuna insha moja ambayo karibu kila msahihishaji wa fasihi ya Kiswahili vyuoni anaijua kabla hajaifunua. Mwanafunzi ametakiwa ajadili utenzi wa Al-Inkishafi. Anaanza kwa kueleza maana ya ushairi kwa mujibu wa wataalamu watatu. Hufuata historia fupi ya mtunzi. Kisha huja fani: muundo, mtindo, matumizi ya lugha, mandhari. Baada ya fani huja maudhui: dhamira, ujumbe, migogoro, msimamo, falsafa. Mwisho kabisa husemwa kwamba mtunzi amefaulu kwa kiasi kikubwa kuielimisha jamii, ingawa zipo kasoro ndogondogo. Hakuna uwongo katika insha hiyo, na hakuna kilichosemwa.

Katika orodha hiyo limo neno msimamo. Mwanafunzi hutakiwa autafute msimamo wa mtunzi, autaje katika aya yake, kisha apite. Msimamo wake yeye mwenyewe hauulizwi na mtu. Huweza kusoma miaka mitatu, akaandika insha ishirini na zaidi, akavishwa joho, bila ya hata siku moja kutamka jambo juu ya shairi ambalo mtu mwingine angeweza kulikataa. Kisha hupelekwa shule kufundisha ushairi.

Chimbuko la msiba huu limo katika neno lenyewe. Hoja ni neno lililotoka katika Kiarabu, ambako hujja ni dalili na ushahidi, kitu cha kumkabili nacho mpinzani. Mzee wa pwani akisema kwamba fulani hana hoja, hakusudii kwamba fulani hana maneno; pengine huyo fulani anasema tangu alfajiri. Anakusudia kwamba maneno yake hayawezi kusimama mbele ya mtu anayeyapinga. Madarasani neno hili limeshushwa cheo. Mitihani humtaka mtahiniwa atoe hoja tatu au nne kwa kila diwani, na alama hutolewa kwa kuhesabu. Kijana aliyehesabiwa hivyo miaka yote ya sekondari hufika chuoni akiamini kwamba hoja ni kipande cha orodha, na kwamba mwenye hoja kumi amemshinda mwenye hoja moja. Akiambiwa 'jadili', husikia 'orodhesha'.

Si haki kuwalaumu vijana peke yao. Orodha inapendwa na wakubwa pia, kwa kuwa ni rahisi kuisahihisha. Mhadhiri aliyerundikiwa mamia ya karatasi hupitisha jicho: dhamira ipo, tashibiha ipo, takriri ipo, alama hii hapa. Insha yenye dai humlazimisha asome, afikiri, afungue kitabu aone kama ubeti uliotajwa unasema hayo yaliyodaiwa. Pengine humlazimisha akubali kwamba mwanafunzi ameona jambo ambalo yeye hakuliona. Hayo ni mazito, na mazito hukwepwa.

Ajabu ni kwamba haya hutokea katika somo la ushairi wa Kiswahili, ushairi uliolelewa na mabishano. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki dunia karibu na mwaka 1840, hakuwa mtu wa kutaja dhamira. Alitunga wakati mji wake, chini ya Wamazrui, ulipokuwa ukishindana na Sayyid Said wa Oman na na majirani wa Lamu, na mashairi yake yalikuwa sehemu ya mashindano hayo. Kulikuwako kutupiana tungo na kujibizana. Aliyejibu aghalabu alipaswa kuifuata bahari ya mwenziwe, na ilimbidi alichukue lile hasa lililosemwa na kulivunja, au akubali kuchekwa barazani. Mtu hakuweza kumjibu Muyaka kwa kumweleza maana ya shairi kwa mujibu wa wataalamu watatu. Diwani yake ilipochapishwa mwaka 1940, karibu miaka 100 baada ya kifo chake, sehemu kubwa ya kilichoifanya ikumbukwe muda wote huo ni kwamba ndani yake mna mtu anayesema jambo na kulisimamia.

Karne ya 20 nayo ilikuwa na ulumbi wake. Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alisema waziwazi lipi ni shairi na lipi si shairi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, alitunga bila ya vina na mizani na akautetea uamuzi huo. Mulokozi na Kahigi wakaingia uwanjani, Mayoka akaandika juu ya mgogoro wenyewe mwaka 1984, na Ibrahim Noor Shariff akaja na Tungo Zetu mwaka 1988, akiutazama ushairi kutoka katika misingi yake ya pwani. Msomaji anaweza kuwaona baadhi yao kuwa walipotea njia. Lakini hakuna msomaji anayefunga kitabu cha mmoja wao akijiuliza mwandishi alikuwa upande gani.

Sasa na itazamwe insha ya chuo juu ya mgogoro huohuo. Kurasa mbili wanapewa wanamapokeo, kurasa mbili wanausasa, kisha linakuja hitimisho ambalo limekaririwa mpaka limechakaa: pande zote mbili zina mchango mkubwa katika ushairi wa Kiswahili, hivyo hapana budi kuthaminiwa zote. Hii huitwa busara. Kwa hakika ni woga uliovaa kanzu ya busara. Ikiwa vina na mizani ni uti wa mgongo wa shairi, basi utungo usiokuwa navyo ni kitu kingine, na mwanafunzi aseme ni kitu gani. Ikiwa si uti wa mgongo, basi aseme ni kipi kinacholifanya shairi lisiwe nathari. Mshika mawili moja humponyoka. Huyu wa chuo yamemponyoka yote mawili, naye anapewa alama nzuri.

Yapo maswali ambayo jibu lake la kweli liko katikati. Lakini katikati nako ni mahali, na anayesimama hapo hana budi kueleza kwa nini amesimama hapo na si hatua mbili kushoto.

Hoja hupatikana vipi, basi? Turudi kwa Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir unaoyatazama magofu ya Pate. Mwanafunzi huandika: mtunzi anatufunza kwamba dunia ni ya kupita. Sentensi hiyo si hoja, na kipimo chake ni chepesi. Je, yuko msomaji makini anayeweza kuikana? Hayuko. Jambo ambalo halina wa kulikana halihitaji kurasa kumi za kulithibitisha.

Mwanafunzi huyohuyo na asome tena, polepole. Atamkuta mtunzi, anayesema kwamba dunia si kitu, akizikumbuka taa za kioo na za shaba zilizoufanya usiku uwe kama mchana. Atamwona akiwakumbuka matajiri na maringo ya mwendo wao, na madaka yaliyopangwa sahani, ambamo sasa wanalala makinda ya ndege. Mtu aliyeikinai dunia ataikumbukaje kwa makini kiasi hicho? Swali hilo ndilo mlango. Kutoka hapo mwanafunzi anaweza kudai kwamba Al-Inkishafi ni mawaidha yanayotolewa na mtu ambaye bado anaipenda dunia anayoikataza. Dai hili linaweza kukanwa, kwa hiyo linafaa kutetewa.

Na litakanwa. Atatokea wa kusema kwamba fahari imepambwa ili anguko lake liume zaidi; kwamba hiyo ni mbinu ya mwalimu wa dini, wala si mapenzi ya dunia; na kwamba utenzi unaishia katika adhabu za Jahannamu, hauishii katika kumbi za Pate. Pingamizi hili ni zito. Mwanafunzi aliyezoea orodha atakimbilia pande zote mbili. Mwenye hoja atarudi katika utenzi, akumbuke kwamba mtunzi hauhutubii umma. Anasema na moyo wake mwenyewe, mara anaubembeleza, mara anaukaripia. Moyo uliokwisha kutii haukaripiwi. Basi dai litasogea: uzuri wa majumba yale ni kile kishawishi chenyewe, kilicholetwa mbele ya moyo ili moyo uhukumiwe nacho, na ukali wa Jahannamu ya mwishoni ni kipimo cha jinsi moyo huo ulivyokuwa mgumu kushindwa. Dai hili la pili lina nguvu kuliko la kwanza, kwa kuwa limelimeza pingamizi na kunawiri kwalo.

Hapo ndipo fani inapopata kazi. Taa, madaka, makinda ya ndege, nafsi inayosemeshwa: vitu hivi vyote vingehesabiwa katika orodha kama mifano ya taswira na matumizi ya lugha, kila kimoja katika kijisanduku chake. Sasa vimekuwa mashahidi katika kesi moja. Na kile ambacho hakina ushahidi wa kutoa katika kesi hiyo huachwa nje, hata kama kinaonekana kizuri. Anayejua anachokitetea hujua pia cha kukiacha, na elimu hiyo ya kuacha ndiyo ambayo orodha haiwezi kumfunza mtu.

Kama kielelezo kinatakiwa, hakuna haja ya kukitafuta mbali. Shairi la beti nyingi lenye kibwagizo hurudi kwenye mshororo mmoja kila mwisho wa ubeti. Mtunzi dhaifu hukirudia kibwagizo kwa kuwa desturi inamtaka akirudie. Malenga hukifikia kila mara kwa njia mpya, hata mshororo uleule uliosikika kama neno la kawaida katika ubeti wa kwanza ukasikika kama hukumu katika ubeti wa mwisho. Ndivyo dai linavyopaswa kukaa ndani ya insha. Kila aya na ilirudie, lakini kila aya ilikute limezidi uzito. Aya inayoweza kuhamishwa kutoka ukurasa wa pili kwenda wa saba bila ya insha kuumia ni aya ya orodha.

Wapo watakaosema kwamba kumtaka mwanafunzi atangaze dai lake mapema ni desturi ya vyuo vya Uingereza na Marekani, na kwamba adabu ya pwani ni ya mafumbo. Hawa hawakulielewa fumbo. Fumbo hufumbwa na mwenye jambo. Anayefumba hali hana jambo amekaa kimya kwa maneno mengi tu. Wapo pia watakaosema kwamba mwanafunzi ni mdogo, naye ni nani hata ampinge mtaalamu? Lakini katika kujibizana aliyejibiwa ndiye aliyeheshimiwa. Waliodharauliwa waliachwa na tungo zao. Kumnakili mtaalamu bila ya kumjibu ni kumtendea kama marehemu.

Jambo hili si la alama tu. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika kijitabu kilichoitwa Kenya: Twendapi?, na kwa ajili yake akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972. Gerezani alitunga, kwenye karatasi za chooni, mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Limo humo shairi la Siwati, neno ambalo maana yake ni kwamba msemaji haliachi aliloliamini. Mtu alitoa miaka mitatu ya uhai wake kwa kutokubali kusema kwamba pande zote mbili zina mchango. Leo shairi hilo linachambuliwa na kijana ambaye amefunzwa kwamba njia salama ni kutokuwa na upande. Ataitaja dhamira ya ukombozi, atahesabu vina vya kati na vya mwisho, naye hatajua kwamba shairi lile linamuuliza yeye.

Na kama heshima ya ushairi haitoshi kuwaamsha waalimu, basi na waamshwe na akili unde. Siku hizi mashine huandika orodha ya fani na maudhui ya diwani yoyote mashuhuri kabla kahawa haijapoa, kwa Kiswahili kisichokuwa na kosa la tahajia. Chuo kinachoendelea kuitolea orodha alama kinampa mashine shahada.

Dawa haina gharama. Mhadhiri na amtake mwanafunzi, kabla ya kuandika aya yoyote, alete sentensi moja juu ya shairi, sentensi ambayo mwenzake wa dawati la pili anaweza kuikana. Mwenzake naye na aikane, kwa ushahidi wa beti. Insha ianze baada ya hapo. Ile inayofunguliwa kwa maana ya ushairi kwa mujibu wa wataalamu watatu irudishwe kwa mwenyewe bila ya kusahihishwa, hata kama ina hoja kumi na nne.