Mkulima Alindwe, Maganda ya Risasi Yasijazwe Vichakani

WILAYA za Kibaha na Kisarawe zina misitu ya Ruvu, Pugu na Kazimzumbwi. Mkulima wa muhogo katika maeneo hayo anafahamu vyema kwamba jembe peke yake halimhakikishii chakula. Nguruwe mwitu wakiingia shambani usiku mmoja tu, jasho la miezi mingi hupotea. Si ajabu, basi, kwamba wengi huihesabu bunduki kuwa miongoni mwa zana za kilimo. Lakini risasi hununuliwa kwa fedha, na fedha ni chache. Hapo ndipo inapozuka tamaa ya kuokota maganda yaliyokwisha kutumika na kuyajaza upya baruti na marisau.

Tamaa hiyo ina chanzo chake. Gobore hushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, na mafundi wa vijijini wameijua kazi hiyo kwa vizazi vingi. Ganda la risasi, hata hivyo, ni jambo jingine kabisa. Risasi za bunduki za marisau, pamoja na zile za .303 walizotumia askari wa King's African Rifles katika Vita Kuu ya Pili, zina ukingo uliotokeza kwenye kitako. Ukingo huo ndio unaolizuia ganda lisizame ndani ya mtutu, na ndio unaoshikwa linapotolewa. Baruti inapowaka, ganda hutanuka na kuuziba moto usirudi nyuma. Kila linapotumiwa, madini yake huchoka. Ukingo ukilika, ganda hukaa kwa kulegea. Likipasuka kitakoni, moto humrudia aliyeishika bunduki, usoni na mikononi.

Huko Marekani, ambako sheria inawaruhusu watu kujijazia risasi, waangalifu hupima urefu wa kila ganda, huliweka lilingane na bunduki moja maalumu, hulitupa lenye ufa hata ukiwa mwembamba kama unywele, na hupima baruti kwa mizani. Hiyo si kazi ya kukisia kwa kijiko chini ya mwembe. Nasi hapa nchini tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ambayo haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni.

Hata hivyo, kumkataza mkulima bila kumwonyesha njia ni kumwachia njaa. Sheria isiyofuatana na huduma huzaa uficho. Ni wajibu wa maofisa wanyamapori kufika mashambani wakati muhogo unapokomaa, wala si kusubiri barua ya malalamiko ipande ngazi hadi wilayani. Serikali za vijiji nazo zipange ulinzi wa zamu, na zihimize mashamba yalimwe pamoja ili yalindike kwa urahisi. Walimu wawafundishe wanafunzi kwamba ganda au risasi iliyookotwa si kitu cha kuchezea: iachwe ilipo, na mtu mzima aarifiwe.

Mwaka 1972, mjini Iringa, TANU ilitangaza kwamba Siasa ni Kilimo. Kauli hiyo haitakuwa na maana iwapo mavuno yataachiwa nguruwe, na mkono unaoshika jembe ukatwe na ganda bovu.