Ndimu Ngapi kwa Eka?

Jumapili moja mzee jirani yangu hapa Babati alinijia na kipeperushi cha kilimo alichopewa kwenye semina. Ana shamba la mahindi na mbaazi upande wa Bonga. Baada ya shikamoo na marahaba, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: "Kama udongo una tindikali nyingi, changanya ndimu kabla ya kupanda." Akaniuliza, wala hatanii, "Kijana wangu, wewe umesoma. Ndimu ngapi kwa eka?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Aliyetafsiri alikutana na neno la Kiingereza lime, akadaka maana ya kwanza iliyomjia, au aliyoletewa na programu ya simu, akapita zake. Kilichokusudiwa ni chokaa. Na kosa hilo si dogo. Chokaa hupunguza tindikali ya udongo. Ndimu ni tindikali yenyewe. Yaani mzee alikuwa anaelekezwa kuuongezea udongo ugonjwa uleule anaotaka kuutibu.

Nimechoka kusikia, hasa kutoka kwetu sisi tunaojiita watu wa fasihi, kwamba Kiswahili hakitoshi, hakina maneno, hakibebi sayansi. Haya, tulipime neno hili. Lugha gani haitoshi hapa?

Kiingereza kinatumia lime kwa vitu vitatu visivyo na undugu wowote. Jina la tunda lilitoka kwenye Kiajemi na Kiarabu. Jina la chokaa ni la kale, la ukoo wa lugha za Kijerumani. La tatu ni la mti mmoja wa kivuli wa Ulaya. Zamani uliitwa lind, matamshi yakapinda pole pole mpaka yakaangukia palepale. Sisi tuna ndimu, tuna limao, tuna chokaa. Muuza nyama choma pale stendi, ukimwomba ndimu, hawezi kukuletea chokaa hata kama amelewa.

Waingereza wenyewe utata huu umewahi kuwatesa. Jeshi lao la majini lilikuwa likiwapa mabaharia maji ya limao ili kuzuia kiseyeye. Miaka ya 1860 likahamia kwenye ndimu za visiwa vya Karibi, na kwa kuwa wakati ule lime na lemon yalikuwa yakitumika ovyo ovyo, hili mahali pa lile, wengi waliona ni kitu kilekile. Si kilekile: maji ya ndimu zile yalikuwa na vitamini C kidogo sana. Msafara wa George Nares uliokwenda Aktiki mwaka 1875 ulipigwa na kiseyeye, ukarudi nyumbani mwaka uliofuata. Sababu zilikuwa kadhaa, na juisi hiyo dhaifu ni mojawapo.

Na mimi nina dhambi yangu. Chuoni niliandika insha kuhusu shairi la Coleridge la mwaka 1797, "This Lime-Tree Bower My Prison". Nikamkalisha mshairi chini ya mndimu, kwenye baridi ya Somerset! Nikajenga aya nzima juu ya ukali wa ndimu na uchungu wa kufungwa. Nikapata alama nzuri. Kumbe mti wenyewe ni ule wa kivuli, ambao hauna ndimu hata moja. Hapo kweli Kiswahili hakikuwa na jina tayari, maana mti hauoti kwetu. Lakini ningeweza kuueleza kwa maneno manne nikaendelea. Sikukosa neno, nilikosa kuuliza.

Wapo watakaosema chokaa nayo ina mambo mengi. Ni kweli. Ipo ya kupaka ukuta, ipo ya kuchora mistari ya uwanja wa mpira, ipo ya kulia tambuu kule pwani, ipo iliyoshikilia mawe ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ipo iliyochomwa tanuri, ambayo ikikutana na maji hupata moto na kuunguza ngozi na macho. Na ipo ya shambani, ambayo mara nyingi ni mawe yaliyosagwa tu. Kwa hiyo anayeandika "chokaa" halafu akatua kalamu hajamaliza kazi. Aandike "chokaa ya kilimo". Neno hilo halihitaji kamati wala kongamano. Muuza pembejeo analo, afisa ugani analo. Mtafsiri alitakiwa anyanyuke kwenye kiti akaulize.

Hatunyanyuki kwa sababu tumeshaamini kwamba maarifa yako kwenye Kiingereza, na Kiswahili ni pakiti ya kuyafungia. Fundi mwashi anayejua chokaa kwa mikono yake hatumhesabu kuwa kamusi. Tunamhesabu kuwa msomaji wa kipeperushi, tena kipeperushi kibovu.

Nilikata neno "ndimu" kwa kalamu, nikaandika juu yake "chokaa ya kilimo". Nikamwambia mzee apime udongo kwanza, na kiasi amuulize afisa ugani. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Sasa huyu aliyeandika," akaniuliza, "ina maana haijui chokaa?"

"Anaijua, mzee," nikamjibu. "Huenda hata nyumba aliyokulia ilipakwa chokaa."