Mizani ya Magazeti na Nauli ya Brazil



Wako wenye magazeti wadhaniao kwamba mtu akishatazama mpira huwa hana tena tumbo, wala mgonjwa nyumbani. Hao twawakumbusha ya Brazil.

Mwanzo wa Juni 2013 nauli ya basi mjini São Paulo ilipandishwa kutoka reali 3 hata reali 3 na senti 20. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikingojea wageni wa Kombe la Mabara, na viwanja 12 vikitengenezwa kwa Kombe la Dunia la 2014, kwa gharama iliyopindukia reali bilioni 8. Raia wakatoka njiani. Walidai nauli ya zamani. Kisha wakadai hospitali na skuli za kiwango kile kile ambacho FIFA ilikitaka kwa viwanja. Je, hayo ni madai ya wahuni?

Tarehe 13 Juni magazeti mawili makubwa ya mji ule, Folha na Estado, yalitoa tahariri za kuwataka polisi wawe wakali. Usiku wake polisi wakafyatua risasi za mpira, nazo zikawapata hata waandishi wa Folha yenyewe. Hapo ndipo lugha ilipogeuka: polisi wakalaumiwa, na waharibifu wa jana wakawa raia wenye haki. Kilichogeuka si madai, wala si nauli. Ni ngozi iliyoumia.

Wengine waliandika kana kwamba jambo zito ni moja tu: michezo itaharibika au haitaharibika? Mwananchi akafanywa mdukizi katika karamu iliyopikwa kwa kodi yake mwenyewe.

Sisi hatuuchukii mpira. Na Wabrazil, nani wa kuwafundisha kuupenda? Lakini tarehe 19 Juni nauli ilirudishwa palepale ilipokuwa, na haikurudishwa na tahariri. Ilirudishwa na miguu ya watu.

Muuza duka akitia kidole juu ya mizani huitwa mwizi. Mwenye gazeti akitia neno "fujo" juu ya dai la haki, tumwiteje? Chuoni tulifunzwa kwamba habari haikubaliwi mpaka ajulikane aliyeileta na aliyeipokea kwake. Basi, ewe msomaji, popote litakapochezwa kombe na watu wakatoka njiani, usianze kuuliza ni nani aliyevunja kioo. Uliza kwanza nauli ilikuwa ngapi, na gazeti ni la nani.