Siku Moja ya Matema

Mtu wa Tunduma akiaga kwamba anakwenda kuoga ziwani, jirani zake hucheka. Kwetu huku juu maji ni ya kisima na ndoo, na mwezi wa Julai mtu huamka na koti na kulala na koti. Walakini ziwa lipo, tena kubwa, na siku hizi watu wa maofisi na walimu wa mashule katika Mkoa wetu wa Songwe hukodi basi wakaenda kulitazama kwa siku moja, mkubwa na mfagizi pamoja. Mahali penyewe ni Matema, wilaya ya Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Wengi wenu mna waume, mabibi au watoto wanaochangishwa fedha kwa safari za namna hiyo, na mwenye kubaki nyumbani ana haki ya kujua fedha ile inakwenda wapi. Basi nitawaeleza safari yetu ya Julai 2024.

Ofisi yetu hupitisha mizigo mpakani, na sisi tu watu kumi na wanane. Habari ya kwanza ilikuwa fedha. Vijana walitaka kila mtu akatwe sawasawa, kwa kuwa, walisema, kiti cha basi ni kimoja na sahani ya wali ni moja. Mama mhasibu, ambaye husema mara chache, akauliza: "Na mshahara nao ni mmoja?" Watu wakatazamana. Mwisho ikakubaliwa kila mtu atoe kadiri ya mshahara wake, kidogo kidogo kwa miezi mitatu, na mlinzi wa usiku, ambaye hakuweza kuacha lango, asikatwe hata senti. Wako walionung'unika. Mimi naona lilikuwa jambo la haki, maana sijapata kuona furaha ya watu wengi inayolipwa na mtu asiyekuwapo.

Tulichagua Jumamosi, kwa kuwa Jumapili ni ya Misa na ya watu wa nyumbani, na tena kwa sababu ya vyungu, ambavyo nitavieleza.

Tuliondoka saa kumi usiku. Barabara kuu ya Zambia haina usingizi: malori ya Zambia na Kongo yanakwenda na kurudi, na dereva wetu, mzee wa makamo, alikuwa akiyapisha kwa subira kama mtu anayepisha ng'ombe. Vwawa tulipita gizani, Mlowo gizani, na kule Mbalizi ndipo kulipokucha. Ukifika Uyole, mbele ya mji wa Mbeya, unaacha barabara ya Dar es Salaam na kukata kulia. Hapo nchi inabadilika. Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 3,000, unauona mkono wa kushoto, halafu ni migomba, chai, na mvua ya Tukuyu isiyojua kwamba ni kiangazi. Toka hapo ni kushuka tu. Ziwa lenyewe liko kwenye mita 475 hivi juu ya bahari, kwa hiyo kila kona ya barabara ilimvua mtu koti, na tulipofika kwenye mashamba ya mpunga ya Kyela hata bwana mkubwa wa ofisi alikuwa amebaki na shati lenye mikono mifupi, ambalo hatukujua kwamba analo.

Ninyi wa Ileje hapa mcheke, maana maji yenu yametutangulia. Mto Songwe ule ulio mpaka wetu na Malawi unaingia katika ziwa hili la Nyasa, na maji ya Nyasa hutoka kusini kwa mto Shire, yakaingia Zambezi, yakafika Bahari ya Hindi katika nchi ya Msumbiji. Lakini uko mto Songwe mwingine, wenye jina lile lile, nao huenda upande wa pili katika Ziwa Rukwa, ambalo halina mlango wa kutokea. Mwalimu mwenye watoto werevu na awaulize swali hilo.

Kwa njia ya Ipinda tukafika Matema karibu saa tano. Safari ya kilometa zaidi ya 250 ilikuwa imekula saa sita na zaidi, na kurudi kungekula nyingine sita. Hesabuni wenyewe: saa kumi na mbili na zaidi za kukaa kitini, na saa nne tu za kukaa mchangani.

Sasa, ni nini kilichoko huko? Upande wa mashariki milima ya Livingstone inashuka mpaka majini, kana kwamba mtu ameikata kwa panga. Upande wa kusini hakuna ng'ambo. Ziwa lina urefu wa kilometa zaidi ya 550, na kina chake mahali pengine kinafika mita 700. Mfagizi wetu, mama aliyezaliwa Mbozi na hakupata kuliona ziwa lolote, alisimama na viatu mkononi akasema, "Kumbe maji nayo yana mwisho wake mbinguni." Kisha akaingia mpaka magotini, hakwenda zaidi, na alikaa hivyo muda mrefu kuliko waliojua kuogelea.

Kuoga kuna adabu yake. Waulizeni wenyeji kwanza. Kwenye midomo ya mito wako mamba, na kwenye maji yaliyotulia yenye majani wako konokono wanaoleta kichocho. Mahali pa mawimbi na mchanga safi ni afadhali, lakini si kinga kamili. Mtu akirudi nyumbani, na baada ya majuma kadhaa akaona damu katika mkojo, asione haya, aende zahanati. Dawa yake ipo.

Vyungu ndivyo hivi. Kando ya Matema kuna kijiji cha Lyulilo, na kila Jumamosi kuna soko la vyungu vya Wakisi. Wanawake wa Ikombe, mbele kidogo chini ya ile milima, huvifinyanga kwa mikono na kuvichoma, kisha huletwa sokoni kwa mitumbwi, vimepangwa kimoja ndani ya kimoja. Ni vyekundu, vyepesi, na vingine vina mapambo meupe. Wachuuzi huvichukua mpaka Mbeya na mbali zaidi. Mimi nilinunua viwili, na mke wangu amekwisha kusema kwamba maharagwe ya chungu kile si ndugu wa maharagwe ya sufuria.

Vyungu hivyo vilikaribia kutuletea balaa. Vijana watatu walipoona vizuri vimekwisha kuchukuliwa, wakataka wapelekwe Ikombe kwa mtumbwi wakanunue kwa wafinyanzi wenyewe. Yapata saa saba upepo wa kusini ulikuwa umeanza, ule wanaouita mwera, na mawimbi yalikuwa na vichwa vyeupe. Mvuvi mwenye mtumbwi alitazama ziwa, akawaambia, "Kwenda tutakwenda. Kurudi ndiko sikujui." Bwana mkubwa akadhani ni mambo ya bei, akaongeza fedha. Mvuvi akakaa chini juu ya mtumbwi wake uliofunikwa, akasema kwa heshima, "Fedha yako ni nzuri, baba, lakini mwera hauifahamu." Nguo zake zilikuwa zimechanika, na fedha ile ilikuwa ya siku nyingi kwake. Mama mhasibu akawageukia wale vijana: "Wanangu, mmemsikia mwenye maji." Wakarudi, wamenuna.

Na mtu asidhani mvuvi yule alikuwa mwoga. Katika ziwa hili hili, Julai 30, 1946, meli ya chuma iitwayo Vipya ilipinduka katika dhoruba na kuzama, wakafa watu 145. Ikiwa meli ilishindwa, mtumbwi wa gogo moja una nguvu gani?

Chakula kilikuwa wali wa Kyela na samaki mbasa, na usipa waliokaangwa. Hapo mama mhasibu alifanya jambo lililowashangaza wengine: sahani ya kwanza aliipeleka kwa dereva, kabla ya bwana mkubwa. Dereva alikuwa amelala chini ya mwembe tangu tulipofika. Hakuoga, hakupiga picha, na kijana mmoja alipomletea chupa ya bia aliisukuma kwa kidole kama mtu anayesukuma mdudu. Akala, akalala tena.

Saa tisa kamili akapiga honi. Ndiyo saa tuliyopatana, lakini jua lilikuwa zuri, na ngoma ya redio ndiyo kwanza imekolea. "Mzee wetu, saa moja tu!" wakamlilia. Naye akajibu kutoka dirishani, bila hasira: "Saa hiyo moja mtaikaa ninyi hapa, nami nitailipa kule Senjele."

Msomaji wa Mbozi hahitaji kuelezwa Senjele. Ni mteremko wa barabara kuu baina ya Mbalizi na Mlowo, na malori yaliyoharibika breki pale yameacha wajane na yatima. Kuupita usiku, kwa dereva aliyeshika usukani tangu saa kumi ya usiku uliotangulia, si mchezo. Watu wote wakamtazama bwana mkubwa, maana kwa neno lake moja tungekaa. Alisimama kidogo, akakung'uta mchanga katika viatu vyake, akaingia ndani ya basi, akakaa kiti cha nyuma. Wengine wakafuata.

Tulifika Tunduma baada ya saa tatu usiku, makoti yamekwisha kuvaliwa moja baada ya jingine kwa kinyume cha asubuhi. Mlinzi alitufungulia lango, naye akapewa samaki wake waliofungwa katika majani ya mgomba.

Je, fedha ilikwenda vema? Kwa siku moja, naona ni ghali: wenye basi na petroli walikula sehemu kubwa, na nafasi ya dereva kupumzika ilikuwa ndogo mno. Matema kuna nyumba za wageni, na kulala usiku mmoja hakuzidi sana gharama, mkichangia mapema. Mama mhasibu ameanza daftari jipya. Anataka safari ijayo tutoke Ijumaa mchana, dereva alale kitandani, na wenye watoto waende nao. Jina la kwanza katika daftari hilo ni la mlinzi, na sasa vijana wanapiga kura kujua ni nani atakayelinda lango.